Kabla Kontena la Betri Halijashushwa Nkome

Kila anayenipigia kuhusu kontena la betri huanza na bei. Ni shilingi ngapi, fundi? Nami humuuliza: karasha zako zinazunguka saa ngapi kwa siku, na umeme ukikatika huwa unarudi baada ya muda gani? Hapo simu hunyamaza kidogo. Kisha husikika: "Basi, nitakupigia tena." Wengi hawapigi. Wachache kati yao nimekuja kuwakuta miezi kadhaa baadaye wakiwa na sanduku jeupe la chuma uani, limefungwa kufuli, na jenereta ya zamani inanguruma pembeni yake kama zamani.

Nawaandikia wenye karasha na mitambo ya kuchenjulia dhahabu mkoani Geita, wenye mashine za barafu na vyumba vya baridi pale mwaloni Nkome, na viongozi wa vikundi vinavyofikiria kuchanga fedha wanunue umeme wao. Kontena la betri, kwa asiyelijua, ni kontena la kawaida la meli, la futi 10, 20 au 40, ambalo kiwandani wameshalifunga rafu za betri, inveta, kiyoyozi, vifaa vya kuzima moto na kompyuta inayosimamia vyote. Linakuja likiwa karibu tayari. Unalitengenezea msingi wa zege, unaunganisha nyaya, unawasha. Ndivyo muuzaji atakavyokuambia, na hadanganyi sana. Anachoacha kukuambia ni kwamba kazi kubwa ya mradi huu hufanyika kwenye daftari na kwenye mkataba, kabla kontena halijapakiwa melini.

Shida ya umeme katika ukanda huu wa dhahabu si ya leo. Mgodi wa GGM, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, uliishi miaka mingi kwa umeme wake wenyewe wa mafuta. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Lwamgasa naye akaishi kwa injini ya dizeli. Siku hizi gridi imefika mahali pengi, na kule Kishapu, Shinyanga, TANESCO ilianza kujenga mtambo wa jua uliopangiwa megawati 150, awamu ya kwanza 50. Lakini gridi kufika ni jambo moja, na volti kukufikia zikiwa timamu pale ulipo mwisho wa laini ni jambo lingine. Mwenye kiwanda cha barafu Nkome hahitaji kuelezwa hilo. Yeye huliona sakafuni.

Niseme kwanza nililojifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu watatu waliosaini kupokea kontena kwenye mtambo mmoja wa wilaya ya Geita. Lilifika usiku. Mkataba ulisema "kontena moja la betri, kilowati-saa 200, na inveta ya kilowati 60". Tukahesabu: kontena moja, lipo. Kibao mlangoni kimeandikwa 200, sawa. Tukasaini kwa mwanga wa simu, na kwa saini ile mkandarasi akawa amefikisha asilimia 80 ya malipo yake. Asubuhi tukawasha karasha ya kwanza, ikazunguka. Ya pili, ikazunguka. Ya tatu ilipoguswa swichi, mtambo mzima ukazima. Tukajaribu mara nne. Mkandarasi akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye mstari ule, akasema kontena lake ni zima, mota zetu ndizo mbovu. Kwa maandishi, alikuwa na haki. Ilituchukua miezi minne na fedha za mwenye mtambo kulirekebisha.

Kilichotukuta kinaelezeka kwa hesabu ya darasa la ufundi. Mota ya kilowati 15, ile tunayoiita ya hospawa 20, ikishashika mwendo huvuta ampea kama 28 kwa kila fezi. Ukiiwasha moja kwa moja, kwa sekunde chache huvuta mara sita ya hapo, karibu ampea 170. Inveta ya kilowati 60 kwenye volti 400 hutoa ampea kama 87 tu. Sasa weka karasha mbili zinazozunguka, ampea 56, halafu uiombe inveta hiyohiyo ampea 170 nyingine za kuamshia ya tatu. TANESCO hulibeba hilo kwa taa kufifia kidogo, maana nyuma ya transfoma kuna nchi nzima inasukuma. Inveta haina nchi nyuma yake. Inajikinga, inazima. Dawa yake haikuwa kununua inveta kubwa zaidi. Ilikuwa kufunga sta-delta kwenye kila karasha, ambayo huteremsha mvuto wa kuanzia hadi theluthi hivi, na kukataza karasha mbili kuwashwa kwa pamoja. Vifaa hivyo ni bei ndogo ukilinganisha na betri. Tungevipanga mapema vingekuwa mstari mmoja kwenye zabuni.

Kwa hiyo anza na daftari. Wiki mbili, bila kuruka siku, mtu mmoja aandike: umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi, mashine zipi zilikuwa zinafanya kazi. Fundi apime ampea kwa ile mita ya kubana waya, asubuhi, mchana na jioni, kwenye kila fezi, na apime volti pia. Ukiweza, azima kifaa kinachojirekodi chenyewe kila dakika. Usikubali mkandarasi akufanyie hesabu ya mzigo kwa kusoma vibao vya mota zako huku amesimama mlangoni na injini ya gari inawaka.

Tuseme una karasha tatu za kilowati 15, pampu ya maji ya kilowati 5.5, na taa, kamera na vidogovidogo vya kilowati 2. Vibao vinajumlika kilowati 52.5. Lakini mota haili kila kilichoandikwa kwenye kibao chake, na karasha husimama kupakiwa mawe, kubadilishwa mkanda, kusubiri maji. Daftari linaweza kukuonyesha wastani wa kilowati 36. Umeme ukikatika kwa saa nne unahitaji uniti 144. Betri haikamuliwi hadi tone la mwisho. Ukiruhusu asilimia 90 itumike, 144 zinakuwa 160. Safarini kutoka betri hadi mota, inveta inakula kama asilimia 5, unafika 168. Na betri huchakaa. Wengi huihesabu kuwa imezeeka ikibaki na asilimia 80 ya nguvu zake za ujana. Gawa 168 kwa 0.8: ni 210. Hapo sijagusa kiyoyozi cha kontena lenyewe, ambacho nacho kinakula umeme uleule uliouhifadhi. Muuzaji atakuja na kontena la 150, atakuonyesha kwamba 150 ni zaidi ya 144, na mwaka wa kwanza pengine utamshukuru.

Kuna upande wa pili wa hesabu ambao watu husahau kabisa: kujaza. Kurudisha uniti 160 kwa saa nne ni kilowati 40 juu ya mzigo wako wa kawaida. Je, transfoma yako inabeba vyote viwili? Na kama wewe ni mteja wa T2 au T3, unalipia pia kilele cha kVA unachokifikia ndani ya mwezi. Betri ikijazwa saa ileile karasha zote zinazunguka, bili itakupandia bila wewe kuchenjua hata kilo moja zaidi. Mwambie mkandarasi aandike kwenye mkataba saa za kujaza na kikomo chake.

Sasa swali linalowaudhi wauzaji: je, unalihitaji kweli? Dizeli ipime hivi. Jenereta iliyobebeshwa mzigo wake vizuri hutoa uniti kama tatu kwa lita moja, kwa hiyo gawa bei ya lita ya leo kwa tatu, ongeza oili, filta na mshahara wa mwangalizi, ndiyo bei yako ya uniti. Kama umeme hukatika saa moja kwa wiki, baki na jenereta yako na ulale. Kontena huanza kuleta maana pale kukatika kunapokuwa kwa kila siku, au pale ambapo hakuna gridi na una paneli za jua zinazomwaga umeme mchana, au pale kukatika kwa dakika mbili kunakuharibia kazi ya siku nzima, kama kwenye iliusheni, ambako joto na mtiririko havitakiwi kuyumba.

Na wewe wa barafu, sikiliza hili kabla hujatoa hata shilingi. Barafu yenyewe ni betri. Kugandisha tani moja ni uniti 70 hivi, zaidi au pungufu kutegemea mashine; umeme huo ukishaingia kwenye barafu, ndani ya chumba chenye kuta nene umehifadhiwa bila inveta wala kompyuta. Nimeona watu wanataka betri ya kuendesha mashine ya barafu usiku kucha ilhali wangeongeza chumba, wakagandisha zaidi umeme ukiwapo, na kuwa na barafu ya kuwauzia matajiri wa mitumbwi alfajiri. Ni hivyohivyo kwa maji: tangi kubwa juu ya mnara ni betri isiyokufa. Ukishahifadhi kwa barafu na kwa maji, kinachobaki kuhitaji betri ya kweli mara nyingi ni nusu ya ulichofikiria. Hakuna muuzaji atakayekushauri hivi, na simlaumu, naye ana watoto.

Ukiamua kuendelea, chagua kemia. Litiamu ya fosfeti ya chuma ndiyo inayofaa kwa kazi zetu. Inavumilia joto kuliko litiamu za nikeli na inahimili kujazwa na kutolewa maelfu ya mara. Betri za asidi bado zinauzwa ndani ya makontena kwa bei ya kuvutia, lakini ukizikamua zaidi ya nusu kila siku zitakufa mapema. Betri zote hupenda ubaridi wa nyuzi 25 hivi. Kiyoyozi cha kontena kikiharibika mwezi wa tisa na ukakitengeneza mwezi wa kumi na moja, umeliuzia jua miaka yako. Kwa hiyo dai viyoyozi viwili, kimoja kikifa kingine kibebe.

Nkome ina mambo yake matatu ambayo mkandarasi aliyekaa Dar es Salaam, au Shenzhen, hawezi kuyajua usipomwambia. La kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya hapo. Vifaa vingi vya umeme hutajwa nguvu zake kwa mahali pasipozidi mita 1,000, maana hewa nyepesi haipozi vizuri. Huenda upungufu ni mdogo, huenda hakuna. Muulize na ajibu kwa maandishi. La pili ni radi. Bonde la ziwa hili ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa radi mno, na Geita hatujasahau Oktoba 2018, radi ilipoua wanafunzi wa shule ya msingi mjini. Ethi ya kontena ipimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kipimo kiandikwe, na vizuia radi vifungwe upande wa TANESCO na upande wa paneli kama zipo. La tatu ni wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi na kutua kwenye kila chenye mwanga. Siku moja wanatosha kuziba filta ya kiyoyozi. Taa ya nje ya kontena iwe mbali na tundu la kuvutia hewa, na filta za akiba ziwe dazeni, si mbili.

Kuhusu njia nitasema kidogo tu, ingawa hapa ndipo miradi hukwama kwa wiki nzima. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, kwa hiyo lori likitoka Mwanza halisubiri tena majini. Mizani za barabarani hazitaki uzito wote upite tani 56 hata kwa lori la ekseli 7, na makontena ya kisasa ya futi 20 yaliyosheheni betri yanaweza kupita tani 40 yenyewe, kabla ya kichwa na tela. Kwa kijiji, makontena madogo mawili ni bora kuliko moja kubwa: yanapita, yanashushwa na kreni inayopatikana Geita au Mwanza, na moja likiumwa lingine linafanya kazi. Tembea njia kutoka Geita kupita Nzera mwenyewe, na dereva wa lori si wa gari dogo, baada ya mvua. Angalia kalavati, kona ya kuingilia kwako, na nyaya zilizoning'inia. Kisha andika kwenye mkataba kwamba mali ni ya mkandarasi, na hasara yake ni yake, mpaka kontena likae juu ya msingi. Asiishie "bandarini Dar es Salaam".

Tuje kwenye mkataba, maana ndiyo kiini cha haya yote. Kuna namna mbili za kutoa kazi hii. Unaweza kununua kontena kwa mmoja, msingi ukampa fundi ujenzi wa hapa, nyaya ukampa mwingine. Ni rahisi zaidi kwa bei, na kama una mhandisi wako wa kweli wa kusimamia, fanya. Kama huna, siku kitu kitakapokataa kuwaka kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, nawe utabaki katikati. Mtu mmoja awajibike kwa yote, kuanzia usanifu hadi jaribio, hata kama ataajiri wakandarasi wadogo chini yake. Mdai awataje mapema, na asiwabadilishe bila kibali chako. Awe amesajiliwa CRB, na anayegusa nyaya awe na leseni ya EWURA ya daraja linalolingana na kazi. Vyote hivi huulizwa kwenye ofisi husika; usiridhike na nakala ya picha aliyokutumia kwenye simu. Kama mnunuzi ni halmashauri, shule au mamlaka ya maji, njia ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa NeST, hakuna mkato.

Halafu geuza lugha ya mkataba. Usiandike unanunua kontena. Andika unanunua kilowati 36 kwa saa nne mfululizo, zikipimwa kwenye mita iliyofungwa baada ya inveta, pale umeme unapoingia kwenye bodi yako, siku ya makabidhiano. Na kwamba mwaka wa 10 mita hiyohiyo isome si chini ya kiwango mlichokubaliana. Andika kwamba mtambo utawasha karasha ya tatu ilhali mbili zinazunguka. Andika muda unaoruhusiwa tangu TANESCO kukatika hadi betri kushika. Maneno hayo manne yangetuokoa miezi minne.

Fedha zifuate ushahidi. Mpango ninaoupenda ni huu: asilimia 20 ya awali, dhidi ya dhamana ya benki ya kiasi hichohicho, 30 baada ya majaribio kiwandani na hati za meli, 20 kontena likishakaa juu ya msingi, 20 baada ya jaribio la hapa nyumbani kufaulu, na 10 ibaki mkononi mwako hadi kipindi cha matazamio cha miezi 12 kiishe. Mkandarasi atalalamika kwamba kiwanda kinamdai zaidi. Mjadiliane, sogezeni namba, lakini zile mbili za mwisho usizipunguze. Ndizo zitakazomrudisha Nkome mvua ikinyesha. Bei iwe ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini, na anayekung'ang'aniza dola anakutaka ubebe wewe hatari ya kupanda kwake. Kubalianeni muda ambao bei ya shilingi itasimama.

Majaribio kiwandani usiyadharau kwa kuwa ni mbali. Mkaguzi huru anaweza kwenda kwa niaba yako: apime uwezo wa kila rafu, aandike namba za kila betri. Kontena likifika, linganisha namba hizo moja baada ya nyingine, mchana, mlango wazi. Mwulize muuzaji mapema vyeti vya IEC 62619 na majaribio ya moto ya UL 9540A, pamoja na hati ya usafirishaji ya UN 3536, maana mzigo huu melini ni mzigo wa hatari na wakala wa forodha asiyejua hilo atakulipisha siku za bandarini. Ukaguzi wa TBS wa kabla ya kupakiwa nao ufanyike hukohuko unakotoka, usije ukasikia habari zake mzigo ukiwa Dar.

Waranti isome kwa miwani. Nyingi huanza kuhesabiwa siku kontena linatoka kiwandani, si siku linapowashwa kwako, na miezi mitano ya baharini, bandarini na barabarani imeshaliwa. Nyingine hufa kama mtambo haukuunganishwa na intaneti kutuma kumbukumbu zake, au kama betri ilikaa ghalani muda mrefu bila kujazwa. Kubalianeni ianze siku ya makabidhiano, na mkandarasi awajibike kwa laini ya simu inayotuma hizo kumbukumbu.

Na nywila! Kompyuta ya kontena ina ngazi za kuingilia, na ile ya juu mara nyingi hubaki kwa aliyeuza. Siku akifunga ofisi, au mkikosana, una tani kadhaa za betri usizoweza kuzibadilishia hata saa ya kujaza. Nywila zote, michoro yote na nakala ya programu zikabidhiwe kabla ya ile asilimia 20 ya jaribio. Sharti hili pekee limewahi kumkimbiza mzabuni mbele yangu, nami nikajua tumepona.

Mkishapata umeme mzuri, majirani watakuja. Duka la vocha, mwenye saluni, zahanati. Kuwapa waya inaonekana ni wema, lakini kisheria ni biashara nyingine. Anayezalisha chini ya megawati 1 hahitaji leseni nzima ya kuzalisha, ila ukiuza unaingia kwenye usajili na bei zinazosimamiwa na EWURA. Tazama yaliyowapata JUMEME hapohapo ziwani. Mwaka 2016 walianza kuuza umeme wa jua na betri kijijini Bwisya, kisiwani Ukara, kwa bei ya maelfu ya shilingi kwa uniti, bei iliyopigiwa hesabu ya kurudisha mtaji. Mwaka 2020 serikali ikaagiza wazalishaji wa visiwani na vijijini wauze kwa shilingi 100 kwa uniti. Kwa mama wa Ukara ilikuwa nafuu kubwa, na mimi sina ugomvi nayo. Kwa aliyekopa kujenga, hesabu yote iligeuka usiku mmoja. Ukipanga kuuza, usipange kwa bei unayoitaka.

Moto nao uuzungumze kabla haujawaka. Aprili 2019 katika mji wa Surprise, Arizona, Marekani, wazimamoto waliitwa kwenye nyumba ya betri iliyokuwa inafuka. Walisubiri, kisha wakafungua mlango. Gesi iliyokuwa imejikusanya ndani ikalipuka na wanne wakaumia vibaya. Kwa hiyo kontena liwe na tundu la kutolea gesi na kengele inayoonekana kwa nje, likae mbali na ghala la sainaidi, na mbali na mahali vibarua wanapolala na tangi la dizeli. Waalike Zimamoto wa Geita walione siku ya kwanza, wajue swichi ya nje iko wapi. Wafanyakazi wako wafundishwe kitu kimoja: likifuka moshi, usifungue, kimbia upande upepo unakotoka, piga 114. Fundi shujaa mwenye ndoo ya maji ndiye ninayemwogopa kuliko betri. NEMC na OSHA nao wana mahitaji yao, na betri zikifa, kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 haziruhusu uzifukie nyuma ya ukuta. Muuzaji aandike atazichukuaje.

Chagua vijana wawili wa hapo Nkome, si mmoja, wakae na mafundi wa mkandarasi tangu siku ya msingi hadi ya kukabidhi, na ujira wao uwe ndani ya zabuni. Ndio watakaosafisha filta na kusoma kengele saa nane za usiku.

Siku ya jaribio, jaza betri, kisha shusha swichi kuu ya TANESCO mwenyewe, kwa mkono wako. Washa karasha kwa mpangilio mbaya kuliko wote. Kaa kwenye kiti mbele ya mita ya kutokea, usiangalie kioo cha kontena, na uandike kila nusu saa mpaka saa nne ziishe. Rudia kesho yake mchana wa jua kali, na siku ya tatu. Mkandarasi akisema hilo halikuwa kwenye mkataba wake, mwonyeshe lilipo. Akilikataa kabla ya kusaini, muage kwa heshima, na kontena lake abaki nalo.